Supplant, Neno Ambalo Sikuliandika

Wenzangu wa ofisini, siku ya kuniaga mlinipa mwavuli na keki. Kisha mmoja wenu akasimama akasema Mwalimu asiondoke hivi hivi, atuachie maandishi ya kazi. Mwavuli nashukuru, ijapokuwa ungenifaa zaidi miaka ile niliponyeshewa milimani nikiwa nimefunika daftari kwa koti langu mwenyewe. Maandishi ndiyo haya. Mkitafuta humu habari za vyeo mtakosa, maana hata mimi nilivitafuta nikavikosa. Ofisi yetu siitaji kwa jina, waliomo wanajijua. Nataka kuwaeleza neno moja la Kiingereza, lilikotoka na maana yake, na jinsi lilivyonishinda kuliandika siku lilipohitajika. Msifikiri ni jambo dogo. Mama mmoja alipoteza shamba.

Niliingia kazi hii nikiwa mtu mzima, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi karibu na Nyaramba, nikakosana na mwalimu mkuu, nikaacha chaki. Wakati huo serikali ilikuwa inapima mashamba ya Gusii yote ili kila mtu aandikwe kwenye rejista, na walitafuta watu wanaojua Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza cha kutosha. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu, na njaa juu yake. Wakanipa daftari, wakaniita karani na mkalimani. Watu wa vijijini waliendelea kuniita Mwalimu, nami sikuwakataza.

Siku ya kwanza nilidhani nitakaa mezani. Thubutu! Nilipewa ncha moja ya mnyororo wa kupimia nikaambiwa nivute. Mnyororo ule ni chuma kitupu. Asubuhi una umande unaganda vidole, saa sita unachoma. Ukilegea katikati, mtu anapoteza migomba miwili na hatakusahau mpaka kaburini. Tuliteremka bonde, tukapanda, tukateremka tena, na nyuma yetu ukoo mzima ukigombana kuhusu mti uliokatwa na babu yao. Jioni mabega yangu hayakuinuka. Wapima wakubwa wenye darubini walikuja baadaye kwa Land Rover, wakanywa chai, wakasifu mandhari, wakaondoka.

Nyinyi mnaotumwa shambani leo, chukueni penseli. Wino na mvua yetu ya saa nane havipatani. Tena msikubali kula kwa mtu kabla hamjapima mpaka wake, hata kama ni ndizi moja ya kuchoma. Jirani yake anahesabu unavyotafuna.

Aliyenifundisha kazi ya mezani alikuwa Bwana Dias, Mgoa mwembamba aliyezaliwa Kisumu, karani mkuu wa mafaili. Alikuwa na kamusi nene iliyokwisha jalada, ameifunga kwa utepe wa mafaili. Utotoni alihudumu altareni, akajifunza Kilatini cha misa, na kwake neno la Kiingereza halikuwa neno mpaka ajue limezaliwa na nani. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka, kwa sababu barua zetu zote zilipitia kwake zikarudi zimejaa wino mwekundu.

Siku moja nilimwandikia bosi barua kuhusu dereva wetu aliyehamishwa na mwingine aliyeletwa. Nilitaka Kiingereza cha kung'aa. "Replace" niliona ni neno la watoto wa darasa la tano, nikaandika kwamba dereva wa zamani amekuwa "supplanted" na dereva mpya. Bwana Dias akaniita mbele ya ofisi nzima.

"Mwalimu, kuja hapa. Hii dereva mpya nafanya nini kwa ile ya zamani? Napiga yeye ngwara?"

Nikasema hapana, amechukua nafasi yake tu.

"Basi kwa nini nasema hivi? Simama sawasawa."

Nikasimama. Yule mzee akatoka nyuma ya meza, akaingiza kiatu chake chini ya kisigino changu na kuvuta. Nusura nianguke juu ya kabati la ramani. Watu walicheka mpaka mpishi wa chai akaja kuchungulia.

"Hiyo ndiyo supplant," akasema, akarudi kukaa. Akafungua kamusi. Akanieleza kwamba kwa Kilatini "planta" ni wayo wa mguu, na ile sehemu ya mbele ya neno ni chini. Warumi walilitumia kwa watu wanaoshindana mieleka, mmoja anapotia mguu wake chini ya mguu wa mwenzake ili amwangushe. Kutoka hapo likawa neno la mtu anayemwangusha mwingine kwa hila ili akae mahali pake. Siku hizi, akasema, watu wamelichosha, wanalitumia hata kwa sufuria iliyochukua nafasi ya chungu. Lakini mguu bado umo ndani yake.

"Replace ni mambo ya kiti," akasema. "Mtu natoka, kiti nabaki wazi, mwingine nakaa. Hapana vita. Supplant, mtu bado iko simama! Wewe natia mguu chini yake."

Nililipenda neno lile kuliko maneno yote aliyonifundisha. Nikalinakili nyuma ya daftari langu. Nilijiona msomi.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunaandika majina, maana nyinyi mlikuta rejista imeshapangwa. Wazee wa kamati walitembea na sisi kutoka mpaka hadi mpaka. Kwenye kila shamba mwenyewe alisimama pembeni mwa kigingi, mimi nikauliza kwa sauti, "Shamba hili ni la nani?" Akajibu, wazee wakakubali, nikaandika. Watu wengi hawakuwepo. Walikuwa mashamba ya chai ya Kericho, au jeshini, au Nairobi. Kwa desturi yetu ndugu ndiye husimama mahali pa ndugu. Hata mahari hupelekwa hivyo. Anayesimama hajipatii chochote, anashikilia tu mpaka mwenyewe arudi. Wazee waliichukua rejista kwa desturi hiyo hiyo. Walidhani karatasi ya serikali inaandika aliyekuwepo siku hiyo, na kwamba mambo ya kweli yatapangwa nyumbani jioni. Mimi nilijua sivyo. Sheria ya wakati ule ilisema jina la kwanza likishaingia kwenye rejista na siku sitini za pingamizi zikaisha, halitoki, hata kama liliingia kwa ujanja. Niliwaeleza mara nyingi mwanzoni. Baadaye nilichoka, nikaeleza mara chache.

Ndipo tukafika kwa Mzee Makori, ng'ambo ya Ogembo. Alikuwa na wana wawili, Onchari mkubwa na Ombati mdogo, na kila mmoja alikuwa amegawiwa sehemu yake zamani. Onchari alikuwa akifanya kazi ya chai Kericho. Mkewe Kerubo alibaki nyumbani na watoto watatu, na shamba alilima yeye, kila mgomba uliokuwa pale aliupanda yeye. Onchari alikuwa ametuma salamu kwamba mdogo wake asimame kwa niaba yake. Mzee Makori mwenyewe alifuatana nasi siku hiyo akiwa na fimbo yake, kwa sababu alikuwa katika kamati.

Tulipima sehemu ya Ombati kwanza, nikaandika Ombati. Tukavuka mfereji, tukapima ya Onchari. Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi upande wa Nyamira na tulikuwa na mashamba manne mbele yetu. Nikauliza swali langu. Ombati akasimama kwenye kigingi, akasema bila kusita, "Andika Ombati."

Nikamtazama. Nikasema, "Hili si la Onchari?"

"Onchari yuko wapi? Mimi ndiye nimesimama. Andika aliyesimama."

Nikamgeukia baba yao. Mzee Makori akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Mwalimu, mvua hiyo inakuja. Andika aliyesimama. Hawa ni watoto wa mama mmoja, watapatana nyumbani."

Kerubo alikuwepo. Nataka mjue hilo vizuri. Alikuwa nyuma ya migomba, hatua kama ishirini, mtoto mgongoni. Alisikia kila neno. Lakini baba mkwe wake alikuwa amesimama pale, na kwetu kuna chinsoni, yaani adabu ya kuoneana haya kati ya mkwe na mkwe. Mke wa mwana haji mbele ya baba mkwe, hamkabili uso kwa uso, hapazi sauti akiwepo, sembuse kumpinga mbele ya kamati ya wazee. Akifanya hivyo si ukorofi tu, ni mkosi. Nilimwona akitoka nusu hatua penye majani. Akanitazama mimi, akarudi. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye daftari, nikaandika Ombati, tukakimbia.

Haikupita mwezi Onchari aliletwa kutoka Kericho ndani ya sanduku. Homa ya mapafu, walisema. Kabla nyasi hazijaota kaburini Ombati akamwambia shemeji yake kwamba shamba ni lake na karatasi ipo. Mnasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa ameshavaa nguo yenyewe. Kerubo alitembea kwa miguu mpaka ofisini kwetu siku za pingamizi zikiwa zimebaki chache, akamweleza karani wa mapokezi, pingamizi likaandikwa. Hapo hakukuwa na mkwe, na aliongea kama maji. Nilimsikia nikiwa chumba cha pili. Sikutoka.

Shauri likasikilizwa wiki iliyofuata. Afisa aliyelisikiliza alikuwa mgeni, mtu wa mkoa mwingine, mpole, anayetaka haki kwa kweli. Ekegusii hakujua hata salamu. Mkalimani nilikuwa mimi. Ombati alikaa upande mmoja. Na Mzee Makori, kama shahidi, akakalishwa katikati ya chumba, akitazamana na kiti cha Kerubo.

Kerubo alipoingia akamwona, akageuza uso ukutani. Akavuta leso mpaka machoni. Afisa akamuuliza jina, akanong'ona. Akamuuliza shamba ni la nani. Kimya. Akamuuliza tena kwa upole. Kimya.

Afisa akanigeukia. "Kwa nini haongei? Ni yeye aliyeleta malalamiko."

Vijana wangu, hapa ndipo kazi yote ya ukalimani ilipokuwa. Si maneno, maneno hata mtoto hutafsiri. Nilitakiwa niseme: Bwana, mama huyu hawezi kuongea mbele ya yule mzee, ni adabu yetu, mtoe mzee nje dakika tano tu usikie. Sentensi moja! Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini nyuma yake niliona swali litakalofuata: Mwalimu, kama unajua hayo, siku ile ulipomwona amesimama nyuma ya migomba, kwa nini uliandika? Nikaogopa. Nina mke na watoto sita, nilijiambia. Mkalimani anatafsiri kilichosemwa, nilijiambia.

Nikasema, "Hasemi kitu, bwana."

"Siku ya kupima alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alipinga?"

"Hakupinga."

Yote ni kweli. Nimeyachunguza maneno yale miaka hii yote na sioni hata moja la uongo.

Mzee Makori alipoulizwa akasema Ombati ndiye aliyesimama, na mambo ya nyumbani yatamalizwa nyumbani. Aliona aibu kuanika ukoo wake mbele ya mgeni. Zaidi ya hayo Ombati ndiye mwana pekee aliyembakia, ndiye wa kumzika. Afisa akaelewa kwamba kulikuwa na makubaliano. Akatupa pingamizi. Kerubo akatoka akiwa bado ameinamisha kichwa, hakupitia upande wangu.

Niliandika kumbukumbu za shauri kwa Kiingereza siku hiyo hiyo. Nilipofika mahali pa kueleza kilichotokea shambani nikaandika kwamba Ombati "replaced" ndugu yake. Nikapeleka faili kwa Bwana Dias. Alisoma polepole kama kawaida yake. Habari za kesi alikuwa nazo, maana karani wa mapokezi alikuwa amemsimulia yale ambayo mama yule alisema siku ya kwanza. Akachukua kalamu nyekundu, akaiweka juu ya neno lile, lakini hakulikata.

"Mwalimu. Ile ndugu natoka kwa kiti mwenyewe?"

Nikanyoosha mkono nichukue faili.

"Kiti nabaki wazi?"

Nikasema, "Bwana Dias, kesi imeshakatwa."

"Mimi hapana uliza kesi. Mimi nauliza neno. Hii ndiyo neno yako?"

Nikasema ndiyo. Akafunika kalamu, akapiga mhuri faili, akaniambia niende. Baada ya siku hiyo hakunifundisha neno jingine hata moja. Salamu alinipa, chai tulikunywa, lakini kamusi aliiweka kwenye droo. Miaka michache baadaye, Wagoa wengi walipokuwa wakihama, naye akahama ng'ambo kwa watoto wake. Aliwaaga wote kwa mkono. Mimi alinipa mkono pia, mkavu, haraka.

Niliendelea na kazi. Nilipima mpaka sehemu za Nyamira, nikavuta mnyororo, nikafundisha makarani wapya kushika penseli, na watu wakasema Mwalimu ni mtu wa kutegemewa. Nacheka nikikumbuka. Ombati aling'oa migomba ya Kerubo akapanda chai. Kerubo alivumilia kwenye kipembe alichoachiwa kuzunguka nyumba yake mwaka mmoja na nusu, ugomvi juu ya ugomvi, mwishowe akafunga mizigo akaenda Kisii mjini na watoto wake. Mzee Makori, nasikia, alipokuwa anakufa alimwita Kerubo kila mara, na yeye hakuwa na njia ya kuja kitandani kwa baba mkwe. Adabu ile ile ilimnyima mzee msamaha wake. Kerubo akamtumia uji tu, ukapelekwa na binti yake Nyaboke.

Mwezi nilipokabidhi funguo za ofisi nilijiambia sasa hakuna wa kunifukuza kazi. Ushujaa wa mstaafu! Nikaenda Daraja Mbili sokoni, pale Kisii mjini, nikamtafuta Kerubo upande wa ndizi alikokuwa akiuza. Nilimwona kabla hajaniona. Amenenepa kidogo, mvi zimeingia, na sauti yake ilikuwa ikisikika mistari mitatu mbali, akibishana na mnunuzi.

"Mwalimu!" akasema. "Umezeeka namna hii?"

"Nimestaafu, Mama Nyaboke. Nimekuja kukwambia jambo."

Akanisogezea kreti nikae. Nikamwambia yote. Kwamba nilijua kwa nini alinyamaza shambani, na kwa nini alinyamaza ofisini. Kwamba nilikuwa na sentensi nikaimeza. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli nilitaka kutukanwa. Yeye aliendelea kupanga mikungu. Nikamaliza. Kisha akajifuta mikono.

"Hayo nayajua, Mwalimu. Unadhani nilifikiri hukuniona?"

"Basi kwa nini hukuja kunilaumu hata siku moja?"

"Nikulaumu wapi, mbele ya nani?" Akamwita mtu wa mkokoteni, akamwonyesha mkungu wa kubeba, akanigeukia. Sasa sauti yake haikuwa ile ya kuuzia. "Lakini kwa kuwa umekuja mwenyewe nitakuambia kitu kimoja uende nacho. Siku ile ya kupima nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia Onchari kabla hajaenda, yule mdogo wako simwamini. Wakiandika vibaya nitatoka, nitapiga mayowe mbele ya mzee, mkosi na uwe mkosi, mtanitakasa baadaye kwa mbuzi. Karani angekuwa mtu wa mbali ningepiga mayowe. Nilitoka kwenye majani, ulinitazama. Nikaona, aa, kumbe ni Mwalimu, ni mtu wa kwetu, huyu anajua kwa nini sisemi, atanisemea. Ndiyo maana nikarudi nyuma."